Mkoma Ndani ya Slabu

Sehemu ya tisa

Kipande cha simiti bado kilikuwa mkononi mwa Atabo, na ndani yake kulikuwa kunachungulia kijiti.

Sio chuma. Kijiti!

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, shika haraka tusikuache. Atabo ni yule mjane wa Nawoitorong, hapa Lodwar, mwenye vyumba vya kulaza wageni. Alimpa kontrakta mmoja anaitwa Jordan kazi ya kumwongezea chumba nyuma ya nyumba, slabu juu, na juu ya slabu tangi kubwa la maji ili wageni waoge bila kulia. Chini ya hiyo slabu analala Nakiru, mama ya marehemu mume wake. Asubuhi hiyo bibi alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai, kipande kikachomoka juu kikapiga mto. Pale pale kichwa chake kilipokuwa kabla chai haijamwamsha.

Atabo alikigonga kile kipande na jiwe. Kikapasuka kama mandazi ya jana. Kijiti kikatoka kizima, na alikijua. Ni ubavu wa jani la mkoma, ule ule wanawake wa Turkana wanasukia nyumba zao tangu zamani.

"Vyuma vyangu viko wapi?" akauliza dari.

"Unaongea na nani?" Nakiru akauliza, kikombe mdomoni.

"Mama, toka kwa hii chumba. Toka saa hii."

"Chumba gani? Hii ya mtoto wangu?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, msomaji. Siku Jordan alimaliza kazi, Nakiru aliomba mbuzi. Mbuzi akachinjwa. Bibi akachota majani mabichi ndani ya tumbo la mbuzi, moto moto, akampaka Jordan kifua na mabega mbele ya majirani wote. Na mtu akishapakwa hivyo, yeye si fundi tena. Ni mtoto wa boma. Mtoto wa boma hakaguliwi kazi yake. Haulizwi mbona ukuta umepinda. Hafukuzwi, na ukimfukuza, laana ya mama haimfuati yeye, inakufuata wewe.

Na Atabo siku hiyo alifanya nini? Alipiga makofi! Alipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka! Kumbe alikuwa anajifunga mdomo na mikono yake mwenyewe.

Akampigia Jordan simu.

"Shemeji yangu! Ejok?"

"Jordan, slabu imeanguka kwa kitanda ya mama."

"Yote?"

"Kipande."

"Aaah! Sasa mbona unanishtua? Nyumba mpya lazima ijinyooshe kidogo. Hata wewe ukiamka si unajinyoosha?"

"Iko na mkoma ndani."

Simu ikakohoa. Halafu Jordan akacheka. Kicheko cha polepole, cha mtu anayetafuna.

"Sikia, shemeji. Enda barabarani upige nduru. Sema mtoto wa Nakiru ni mwizi. Halafu tuone mama atamlaani nani kati yangu na wewe. Wewe si uliolewa tu hapo? Mimi nimepakwa."

"Jordan..."

"Na ndio usiwe na wasiwasi, leo mchana naleta bauza, lori zima la maji. Najaza hiyo tangi mpaka juu, majirani wakiona. Ikisimama, utapiga magoti mbele yao uniombe msamaha."

Akakata.

Atabo alimshika bibi mkono amwinue. Nakiru akainua fimbo yake na akaanza kutaja majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja, vile watu hufanya kabla ya kulaani. Atabo akamwachilia kama aliyeshika sufuria ya moto.

Kuna mtu mmoja tu angeweza kusimama chini ya slabu hiyo na kusema ukweli. Na mtu huyo alikuwa amemblock Atabo kwa simu.

"Lokol!" aliita akikimbia. Lokol ni jamaa wa mjengo aliyekuwa anamchanganyia Jordan simiti, sasa analinda geti. "Bauza ikija usifungue geti! Umesikia? Mimi nimeenda Kakuma!"

"Na shemeji akisema nifungue?"

"Usifungue!"

Lokol akajikuna kichwa. Atabo hakuona. Angeona, angerudi.

*

Arek alikuwa amesimama juu ya rundo la matofali kwa uwanja wake kule kambini, mrefu kama mlingoti, helmeti ya njano kichwani, anamkemea kijana wake aliyepanda paa bila kujifunga kamba.

"Wewe! Shuka! Ukianguka nitakuzika na nani? Mamako ako mbali huko Bor!"

Yule kijana akashuka akiona haya. Arek akageuka, akamwona Atabo getini, vumbi mpaka kwa kope. Hakusalimia. Alitabasamu, na ile tabasamu haikuwa ya karibu.

"Jameni, njooni muone! Mama wa Lodwar amekuja!"

Wanaume wanne wakaacha sepetu zao wakasogea.

Unakumbuka, msomaji? Kabla ya Jordan, Arek, huyu fundi mwanamke, ndiye aliitwa. Alikuja na masharti yake. Hakuna mtu kupanda bila kamba. Hakuna mtu kulala ndani mpaka aseme. Zile nguzo za kushikilia slabu ikikauka hazitolewi mpaka yeye mwenyewe aje azigonge na mkono wake. Atabo alimcheka. Alimcheka mbele ya mafundi, akamwonyesha barabara.

"Arek, sista yangu, nimekuja kukuomba..."

"Ngoja. Kwanza uwaambie hawa vile uliniambia."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

"Arek, bibi ako chini ya slabu. Itamwangukia."

"Basi sema haraka."

Atabo alitazama chini. Jua lilikuwa linampiga shingoni kama fimbo. "Nilisema... mkimbizi atanifundisha nini."

"Na ingine."

"Nilisema mwanamke akivaa helmeti anakaa kama kobe."

"Kwa sauti! Huyu wa nyuma ni mzee, hasikii."

"ANAKAA KAMA KOBE!"

Wale wanaume wakacheka mpaka mmoja akashika magoti. Arek peke yake hakucheka.

"Sawa. Lete hicho kitu uko nacho."

Atabo akatoa kijiti kwa kitambaa. Arek alikitazama. Akakikunja kwa vidole viwili, kikakunjika. Akamrudishia.

"Kuna ufa?"

"Iko. Tangu wiki ile ingine. Nilikuwa nasema nitamwambia Jordan, lakini... Si unajua watu husema usipoziba ufa..."

"Hiyo ni methali ya ukuta," Arek akamkata. "Ukuta ukianguka unaita jirani mnajenga mwingine. Slabu ikianguka unaita mchungaji. Nguzo zilikaa mpaka lini?"

"Zilitolewa mapema."

"Nani alizitoa?"

Atabo akakifunga kijiti kwa kitambaa tena. "Jordan."

"Yeye mwenyewe, bila kuambiwa?"

"Yeye mwenyewe."

Arek alimwangalia kidogo zaidi ya vile mtu huangalia mtu. Simu ikalia. Ilikuwa Lokol.

"Mama? Bauza imefika."

"Usifungue!"

"Imeingia, mama."

"Nilikuambia nini wewe?"

"Ni mtoto wa boma! Mimi ni nani nimkataze mtoto wa boma kwao? Hosi yao ni fupi, wanatafuta ingine waunge wapande."

"Bibi ako wapi?"

"Ako ndani ya chumba. Na shemeji pia ameingia kumsalimia."

Atabo akageuka kumwambia Arek. Arek alikuwa ameshasikia. Alikuwa anatupa mbao nene na nguzo za chuma kwa pikapu yake ya kubebea mawe, moja juu ya ingine, kelele kama vita.

"Kibali cha kutoka kambini ninacho mpaka Ijumaa. Una bahati. Panda!"

Alimrushia Atabo helmeti ya pili.

"Vaa."

"Nivae ndani ya gari?"

"Vaa, kobe."

Akavaa.

*

Walipofika Nawoitorong, nusu ya mtaa ilikuwa kwa uwanja wa Atabo. Mashine ya bauza ilikuwa inanguruma, hosi imepanda ukuta kama nyoka, na tangi huko juu lilikuwa linaimba ile sauti ya maji yanayoingia kwa maji.

Atabo alikimbia mpaka nyuma ya nyumba. Akasimama. Macho yakamtoka.

Nakiru hakuwa ndani!

Nakiru alikuwa nje, ameketi juu ya jerikeni tupu mbele ya mlango, fimbo kwa magoti, ametulia kama mtu anayengoja ugali uive. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa shingo yake, pamoja na shanga.

Na ndani ya chumba, mtu alikuwa anapiga mlango na ngumi.

"Mama! Mama fungua! Tafadhali mama mzazi!"

"Mwanangu," Nakiru akasema bila kugeuka, "hata haujalala na unasumbua."

"Inalia! Slabu inalia! Nasikia ikilia!"

"Si ulisema inajinyoosha tu?"

Atabo alishika kichwa. "Mama, umefanya nini?"

Bibi akampandisha macho, akamshusha, mpaka kwa ile helmeti.

"Kwetu anayejenga nyumba ndiye hulala ndani kwanza. Mimi nimejenga nyumba zangu zote na mikono yangu, na kila moja nililala ndani nikiwa na mtoto kifuani. Ikianguka, ituangukie sisi. Huyu alikula mbuzi yangu akasema yeye ni mtoto wa hapa. Basi mtoto alale."

"Mimi sikujua hiyo mila!" Jordan akalia ndani.

"Ulijua ile ya nyama."

Majirani wakacheka. Mwanamke mmoja akapiga makofi. Ni kweli, msomaji, watu walicheka. Jordan alikuwa mtoto wa mjini, mila alikuwa anaijua nusu, ile nusu tamu.

"Mama," Atabo akanong'ona, "kumbe ulijua?"

"Mkoma mimi nisijue? Nimezaliwa ndani yake. Siku zile mlikuwa mnamwagilia hii slabu maji ishike, ilinuka nyumba ya mama yangu. Nikakuambia, Atabo, hii simiti inanuka mkoma. Ukaniambia nini?"

Atabo akatazama ukuta.

"Uliniambia, mama nyamaza, kontrakta anajua. Ndio nikaomba mbuzi. Fundi hukimbia, ukimtafuta amezima simu. Lakini mtoto atarudi tu, hata kama ni kuja kuringa."

"Na ukalala chini yake hizi siku zote? Kwa nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mimi?"

"Kila asubuhi nilikuwa nangoja uniambie, mama, hamia kwa chumba za wageni. Zile hazina ufa. Ufa uliuona, nilikuona ukiutazama. Ukafagia vumbi yake ukaenda." Akatema mate kando. "Leo ndio umefungua mdomo. Ukasema toka. Haukusema kuja kwangu. Ulisema toka."

Hiyo ilimwingia Atabo kama mwiba wa mgunga, ule unaokatikia ndani.

Arek hakuwa na muda wa mambo ya familia. Alikuwa ameshang'oa hosi kwa bauza na kumsukuma dereva. "Zima! Zima mashine, wewe!" Akapanda ngazi mpaka macho yake yakawa sawa na slabu, akaangalia bila kugusa, akashuka polepole sana, kama mtu aliyeona simba amelala.

"Imeshuka katikati. Kama kitanda ya kamba," akasema. "Tangi imejaa. Mama, mtoe huyo mtu."

"Bado hajasema," Nakiru akajibu.

"Niseme nini? Nitasema!" Jordan akapiga kelele. "Vyuma nilitumia kidogo! Kidogo tu, kwa pembe!"

"Na zingine?"

"Niliweka kwa... niliweka kwa dirisha!"

Watu wote wakageuka kwa dirisha. Grili yake ilikuwa nzito kama ya jela, maua ya chuma yamepindwa kwa ustadi, ile grili Atabo alikuwa ameisifu kwa kila mgeni. Mikono ya Jordan ilikuwa imeishika kutoka ndani. Alijifungia kweli kweli!

"Lakini si mimi peke yangu!" akaendelea, na sauti yake ikabadilika, ikapata meno. "Muulizeni huyo! Muulizeni Atabo nani alisema nguzo zitolewe! Mimi nilisema tungoje! Ni yeye alisema wageni wa semina wanakuja, ati hawezi kuonyesha watu nyumba iko na magongo! Alizitoa na mkono yake! Lokol ni shahidi!"

Uwanja wote ukamgeukia Lokol.

Lokol akatazama viatu vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu.

Arek akamgeukia Atabo pole pole. "Kule kwangu uliniambia ni yeye."

"Niliogopa hautakuja."

"Nisingekuja," Arek akasema. "Kalas. Ni hivyo tu. Nisingekuja."

Kakaa! Kitu kikalia huko juu. Kilikuwa kifupi na kikavu, kama mtu amevunja mfupa wa kuku na meno. Mstari mwembamba ukachorwa kwa ukuta kutoka juu ya mlango mpaka karibu na ardhi. Maji yakaanza kutoka ndani yake, tone, tone.

Majirani waliokuwa wanacheka wakakimbia. Dereva wa bauza aliruka kwa gari, hosi ikaburutwa nyuma yake kama utumbo, na huyo akatoweka, na mashine yake ambayo ingeweza kufyonza yale maji.

"MAMA NAKUFA!" Jordan akalia. Sasa haikuwa sauti ya kontrakta. Ilikuwa ya mtoto kabisa.

Na Nakiru, yule Nakiru wa mawe, akashtuka. Akainuka juu ya jerikeni. Mikono yake ikaanza kutafuta ufunguo kati ya shanga.

"Nilitaka aogope," akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani. "Sikutaka afe. Nilimpaka. Ni mtoto kweli."

"Mama, ngoja niweke mbao kwanza!" Arek akaruka.

Hakungoja. Kufuli ikafunguka. Mlango ukafunguka.

Jordan akatoka kama ng'ombe aliyechomwa. Hakuangalia mbele. Bega lake lilimpiga bibi kifuani, bibi akazunguka, fimbo ikaruka, akaangukia ndani, chali, kwa sakafu ya chumba. Mlango ukagonga ukuta, ukarudi, ukajifunga.

Na slabu ikakaa.

Nasema ikakaa, sikusema ikaanguka. Ilishuka kiasi cha kidole na kukalia fremu ya mlango, na fremu ikapinda, na mlango ukakazwa pale kama jino.

"Mama!" Atabo alirukia kitasa.

Arek alimshika helmeti kutoka nyuma akamvuta mpaka akaanguka. "Usiguse mlango! Huo mlango ndio umeshika nyumba! Ukifungua umemuua!"

Jordan alikuwa amelala mchangani, anatapika, anajipapasa kama anahesabu kama viungo vyote viko. Hakuna mtu aliyemsaidia. Arek akamkanyaga mkono na buti.

"Bomba ya kutoa maji ya tangi. Iko wapi?"

"Ndani," akasema. "Kwa kona ya bafu. Ukifungua, tangi inamwaga yote kwa shimo."

"Mama!" Atabo akapiga magoti chini ya dirisha. "Mama, unanisikia? Umeumia?"

Kimya. Halafu kikohozi.

"Niko. Kiuno tu."

"Kuna bomba kwa kona ya bafu! Unaweza kufika?"

"Mimi na magoti haya?" Lakini wakasikia akijiburuta. Nguo kwa simiti, shanga kwa simiti. Alisimama mara moja kupumua, na vumbi likamwagika kutoka juu wakalisikia, shhh, kama mchele unamiminwa. Akaendelea.

"Nimeishika."

"Zungusha!"

"Nazungusha."

"Inatoka?"

"Inazunguka tu."

"Zungusha yote, mama!"

"Atabo," sauti ya bibi ikaja, imetulia kabisa, na huo utulivu ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Imetoka mkononi mwangu. Ni bomba tu. Nyuma yake ni ukuta. Haijaunganishwa na kitu."

Arek akamtazama Jordan. Jordan akafunika uso na mkono ule haukukanyagwa.

"Niliweka ya kuonyesha," akasema. "Ya kupiga picha."

Ah, msomaji! Kama ulikuwa bado na huruma ya huyu mtu, ilete hapa tuitupe mtoni Turkwel.

Arek hakupoteza mate. Yeye na Lokol walikuwa wanabana mbao nene chini ya fremu, wanasukuma nguzo moja ya chuma na mabega, mishipa ya shingo imesimama. "Hii itashika kidogo. Sijui kidogo gani. Hiyo tangi lazima itobolewe upande wa nyuma, maji imwagike nje, isikae juu ya slabu. Mtu apande."

"Nani?"

"Mimi ni mzito na nikiachilia hii mbao imekwisha. Lokol hivyo hivyo." Akampima Jordan na macho. "Huyu hata nikimpandisha atakimbia na ngazi."

Akaibana mbao kwa bega. Hakumwangalia Atabo. Hakuwa na haja.

Atabo alikuwa mwembamba kuliko wote pale. Alikuwa ameshavua ndara. Akachukua jikoni kile kisu cha kuchinjia mbuzi, kile kile cha siku ya makofi, akakiuma na meno ili mikono ibaki na ngazi.

"Helmeti," Arek akasema.

"Nimevaa."

"Funga kamba ya kidevu. Lala na tumbo ukifika. Usisimame. Usipige magoti. Lala kama mtoto, enda pole pole, na ukisikia ikilia, usirudi nyuma. Kurudi nyuma ndio huua."

Atabo akapanda. Slabu ilikuwa moto kama kikaango. Akaweka mkono wa kwanza, akaweka wa pili, akaweka kifua. Tangi jeusi lilikuwa mbele yake, limejaa mpaka mbavu zake zimetanuka, na katikati ya yeye na tangi palikuwa na ule ufa, sasa unaingia kidole.

Akajivuta.

Slabu ikalia chini ya tumbo lake.

Akakumbuka, asirudi nyuma. Akajivuta tena. Uso wake ulifika juu ya ufa, na kutoka ndani yake, pamoja na joto, pamoja na unyevu, ikapanda harufu. Majani mabichi. Moshi wa zamani. Nyumba ya mama ya mtu.

Ile harufu aliambiwa. Ile alisema ni ya simiti.

"Nani huyo?" sauti ya Nakiru ikauliza kupitia ufa, karibu kabisa, kama wamelala kitanda kimoja. "Nani anatembea juu ya kichwa yangu?"

Atabo hangeweza kujibu. Kisu kilikuwa katikati ya meno.

"Arek? Ni wewe, msichana wa helmeti?"

Akajivuta tena. Ncha ya kisu ikagusa plastiki ya tangi. Alihitaji kuchukua kisu mkononi, na kuchukua kisu ni kuinua kiwiko, na kuinua kiwiko ni kuweka uzito wote upande mmoja.

"Kama ni Arek, endelea, mwanangu," bibi akasema huko chini. "Lakini kama ni Atabo, shuka. Sitaki aniue mara mbili."

Atabo akainua kiwiko.